Majalada ya Jarida la Mji wa Lamu: Namna ya Kuyakusanya, Kuyatia Tarehe na Kuyaonyesha

Wengi wanaotaka kuonyesha majalada ya jarida la mji huanza kwa kuchagua yaliyo mazuri, na hapo ndipo kazi inapoharibika. Jalada la jahazi machweoni litapendwa na kila mtu, lakini halisemi kitu mpaka lilazwe kando ya lile la foleni ya maji na lile la kikao cha madiwani ambalo pengine hakuna aliyelitazama mara mbili. Kusanya yote kwanza, yaliyochanika na yenye picha mbovu pia, uyapange kwa tarehe. Kuchagua kuje mwisho.

Lamu, kazi ya karatasi hufaa wakati wa kaskazi, Januari hadi Machi, kabla masika hayajaingia. Tandika shuka safi nyeupe juu ya mkeka, mbali na dirisha la upande wa bahari. Nawa mikono kwa sabuni na uikaushe vizuri; glavu za pamba hunasa kwenye kingo zilizochanika, kwa hiyo mikono mikavu ni bora. Mafuta ya nazi na hina mbichi visikaribie. Vumbi liondolewe kwa brashi laini, kutoka katikati kwenda ukingoni.

Chumvi ya hewani hushambulia kwanza pini zinazobana kurasa. Kutu ya pini hula karatasi mpaka jalada likajitenga lenyewe. Usizivute kwa nje. Fungua toleo katikati, inua miguu ya pini kwa kisu chembamba kisicho na makali, kisha usukume taratibu hadi itoke upande wa mgongo. Mahali pake shona uzi wa pamba. Selotepu isitumike kabisa: gundi yake hugeuka njano, hupenya wino, na baada ya miaka utepe wenyewe hudondoka ukaacha doa. Mpasuko uzibwe kwa karatasi nyembamba ya Kijapani na gundi ya wanga wa ngano.

Majalada ya kung'aa yaliyolowa yakakauka yakiwa yamebanana ni habari nyingine. Karatasi hiyo imepakwa udongo mweupe laini, nao ukishagandana ukavuta, picha nzima hubaki upande wa pili. Yaache yalivyo, uandike tu kwamba yapo.

Sasa tarehe. Jalada lililopoteza kurasa za ndani mara nyingi halina mwaka, lakini lina dalili. Anza na bei: shilingi ya Kenya ilichukua nafasi ya shilingi ya Afrika Mashariki mwaka 1966. Namba ya simu ya mkononi yenye tarakimu kumi, inayoanza na 07, inakuleta miaka ya 2000 au baadaye. Picha ya rais ukutani nyuma ya mtu aliyepigwa picha husaidia sana: Kenyatta hadi Agosti 1978, Moi hadi Desemba 2002, Kibaki hadi Aprili 2013. Jengo nalo husema. Ngome ya Lamu ilikuwa gereza hadi 1984, kwa hiyo wageni wakionekana wakirandaranda ndani yake, jalada si la kabla ya hapo. Mji wa Kale ukitajwa kuwa urithi wa dunia, ni 2001 au baada yake. Bandari ya LAPSSET, mradi wa kuiunganisha Lamu na Sudan Kusini na Ethiopia, ilizinduliwa rasmi Machi 2012, na gati la kwanza lilianza kazi Mei 2021. Ukiona mchoro wa bandari badala ya picha yake, inaelekea uko kati ya miaka hiyo miwili.

Neno "kaunti" huwapotosha wengi. Kaunti ya Lamu yenye gavana ilianza 2013, lakini baraza la mji na visiwa vyake liliitwa County Council of Lamu miaka mingi kabla ya hapo. Neno hilo peke yake halithibitishi lolote.

Dalili tamu kuliko zote ni Maulidi. Jalada likitaja Maulidi na mwezi wa kizungu bila mwaka, hesabu ya Mfungo Sita, mwezi wa Maulidi, itakusaidia. Mwaka wa Kiislamu ni mfupi kwa siku kumi au kumi na moja, hivyo Mfungo Sita hurudi mwezi uleule baada ya miaka 32 au 33. Uliangukia Septemba mwaka 1992, na tena Septemba 2024. Kati ya toleo la 1992 na la 2024 huwezi kukosea, maana karatasi, herufi na simu vitaamua.

Ukishindwa, andika kwa mfano "1976–1979" bila kulazimisha mwaka mmoja. Wazee waulizwe, lakini waonyeshe nakala, si jalada lenyewe, na uandike nani kasema nini na siku gani. Wakipingana, andika kauli zote mbili.

Usiamini rangi. Katika majalada yaliyokaa juani, wekundu na unjano hufifia mapema, ikabaki buluu na nyeusi. Wapo wanaoandika kwamba "miaka ya sabini walipenda buluu" kumbe ni jua la dukani. Linganisha na sehemu iliyofunikwa na mkunjo.

Kwa skana, tumia 600 dpi (vidoti kwa inchi). Ukurasa wa A4 utatoka pikseli 4960 kwa 7016, faili la picha la TIFF la rangi likiwa na takriban MB 104. Picha za kuchapwa zina vidoti, navyo vikigongana na mistari ya skana hutokea mawimbi. Ndiyo sababu huchukui 200 dpi ukadhani umeokoa nafasi. Kama huna skana, kiwanda cha nyumba ya kale, yaani ua wa ndani ulio wazi juu, ni studio tosha: mwanga unashuka kutoka juu bila jua kuchoma moja kwa moja. Simu iwe sambamba kabisa na jalada, kwenye kishikio, na jalada la kung'aa ligeuzwe mpaka mng'ao uondoke. Jina la faili lianze na mwaka: 1978-04-mbele.tif. Weka nakala tatu, moja iwe nje ya kisiwa.

Kuhifadhi: bahasha za plastiki ya poliesta au polipropilini, upande mmoja uachwe wazi. Plastiki ya PVC hapana, maana hutoa asidi na hunata na wino. Laza majalada, rundo lisizidi sentimita 10, boksi liinuliwe sentimita 15 toka sakafuni na liwe mbali na ukuta wa nje. Ukuta wa matumbawe huvuta unyevu na chumvi, hivyo zidaka, vile vishubaka vya ukutani, ziachiwe vyombo. Unyevu ukizidi asilimia 65 kwa muda, kuvu huja.

Wadudu wakishaingia, funga majalada kwenye mifuko miwili ya plastiki, yagandishwe nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Umeme ukikatika yakayeyuka, anza kuhesabu upya. Ukitoa, usifungue kwa saa 24, maji yatonee nje ya mfuko. Friza ya samaki itafaa, ila mifuko iwe mizima.

Ukutani tundika nakala, si asili. Haki za picha nchini Kenya hudumu miaka 50 baada ya mwisho wa mwaka wa kuchapishwa, na za michoro huendelea miaka 50 baada ya kifo cha mchoraji. Kwa yaliyo ndani ya muda huo omba ruhusa. Chapa A3, katikati ya fremu iwe sentimita 150 toka sakafu, mfuatano wa tarehe usivunjwe. Toleo usilolipata liwekewe fremu tupu yenye tarehe yake. Kisha kaa na simu na kishikio mlangoni. Atakayekuja na toleo lililokosekana, lipige picha palepale, umrudishie mkononi kabla hajaondoka.