SOMO: Rolakosta ya gololi kwa insulesheni ya AC (kitanzi kiko hatua ya 4, usiruke)

Wakuu, salaam. Wiki hii peke yake nimeulizwa mara sita: "Gololi yangu inadondoka kwenye kitanzi, tatizo nini?" Naandika leo mara moja. Atakayeuliza tena nitamrudisha hapa.

Mimi ni fundi AC, Dar. Kila kazi inaniachia vipande vya insulesheni, lile sponji jeusi linalovishwa mabomba ya shaba. Mwanangu alipopewa mradi wa fizikia shuleni tukaona tusivitupe. Rolakosta, kwa asiyeijua, ni ile reli ya bustani za michezo inayopanda, kushuka na kupinduka huku watu wakipiga mayowe. Yetu haina watu, haina mota wala betri. Unaipandisha gololi juu kwa mkono, unaiachia, basi. Kimo ndicho nauli yake. Nauli ikiishia njiani, inashushwa.

VIFAA

Insulesheni ya tundu la inchi 3/4 (mm 19), mirija mitatu ya futi 6. Kila mrija unatoa njia mbili, kwa hiyo utapata kama mita 11. Usinunue ya tundu dogo kuliko hilo, kwa sababu gololi ya kawaida ya kioo ina mm 16 na itabanwa. Ongeza masking tepu, vijiti vya mishikaki, kipande cha plaiwudi, kisu chenye wembe mpya na futi ya kupimia. Gundi ya bunduki kama unayo.

HATUA

1. Pasua mrija kwa urefu, upate mifereji miwili. Nimesema wembe mpya.

2. Unga mifereji kwa tepu upande wa nje. Ndani isiingie tepu hata kidogo. Kiungo kikiwa na ngazi, basi gololi ishuke ngazi, isipande.

3. Funga mwanzo juu ya kabati au ngazi. Wangu uko sm 120 kutoka sakafuni.

4. Kitanzi. Hapa ndipo nilipoaibika, kwa hiyo tulieni.

Kitanzi changu cha kwanza kilikuwa na kipenyo cha sm 40, yaani nusu kipenyo sm 20. Kwenye daftari la mtoto kulikuwa na kanuni: kimo cha kuachilia ni mara 2.5 ya nusu kipenyo. Nikapiga hesabu, sm 50. Nikaongeza 2 za sadaka. Majirani wamekuja, watoto wamekaa chini, gololi ikaachiwa. Ikapanda vizuri, na ilipofika karibu na juu, pale mshale unapoonyesha saa saba, ikaachia njia na kudondoka katikati. Mara kumi, palepale. Mtoto wa jirani akauliza kama ndivyo ilivyopangwa.

Kosa la kwanza lilikuwa ile 2.5. Ni kanuni ya kitu kinachoteleza bila msuguano. Gololi haitelezi, inabingirika, na kule kujizungusha nako kunalipiwa: katika kila mafungu 7 ya nishati, 2 yanaenda kwenye kuzunguka na 5 ndiyo yanayoisukuma mbele. Kwa gololi inayobingirika kanuni inakuwa 2.7. Kwangu hiyo ni sm 54. Nikapandisha hadi 60 kwa usalama. Ikadondoka.

Kosa la pili nililigundua kwa mkono. Nilishika kitanzi kwa nyuma ili nione vizuri, dogo akaachia gololi, nikahisi sponji linanisukuma kiganjani kama mtu anayenigonga begani. Na gololi ikapita! Nikatoa mkono, ikadondoka. Nikarudisha, ikapita. Kumbe kitanzi kilikuwa kimening'inia kwenye vijiti viwili, kila gololi ikipita kinayumba, na huo mwendo wa kuyumba hautoki hewani, unatoka kwenye gololi. Njia inayotikisika inakula mwendo. Kuongeza kimo peke yake kulikuwa kuongeza chakula cha sponji. Nikakifunga kitanzi kwenye plaiwudi sehemu tano, kikawa hakitingishiki hata ukikipiga kofi, na kutoka sm 66 gololi ikawa inazunguka kila mara.

Kwa hiyo kwenye sponji anza na mara 3.5 ya nusu kipenyo, kisha shuka taratibu. Na zingatieni haya:

– Kimo kinapimwa kutoka CHINI YA KITANZI, si kutoka sakafuni. Kitanzi kikiwa juu ya kiti, kiti hakihesabiwi.
– Weka kitanzi kwanza, vilima baadaye. Nauli ikiwa bado nzima ndipo ulipie kitu ghali.
– Mlango wa kutokea upishane na wa kuingilia kwa upana wa sponji tu. Ukivuta kitanzi zaidi kwa pembeni kinalala, na gololi inatokea ubavuni.
– Kisiwe duara kamili. Sukuma miguu yake ikaribiane hadi kipate umbo la tone la maji, mkunjo wa chini uwe mpana, wa juu uwe wa kubana. Hili si urembo. Mwaka 1895 pale Coney Island, Marekani, walijenga rolakosta ya kitanzi cha duara kamili, na abiria wakashuka wakishika shingo, maana unaingia kwenye mkunjo ghafla ukiwa na mwendo wote. Vitanzi vya kisasa vinafuata umbo la tone tangu 1976, mhandisi Mjerumani Werner Stengel alipolitumia kwenye rolakosta ya Magic Mountain, California. Gololi haina shingo, lakini sponji lako linalo.

5. Vilima. Kila kimoja kiwe chini ya kilichotangulia. Mgongo wake uwe wa mviringo; ukiuchongoa kama paa, gololi inaruka. Baada ya kitanzi mimi niliweka kilima cha sm 45, kikagoma. Cha sm 30 kikakubali.

6. Kona zilazwe, yaani ukingo wa nje uwe juu kuliko wa ndani. Gololi iliyoshuka sm 29 ina mwendo wa karibu mita 2 kwa sekunde, na kona ya nusu kipenyo cha sm 25 kwa mwendo huo inataka ulazo wa karibu digrii 58. Mfereji wenyewe unasaidia kwa kuwa gololi inapanda ukutani, lakini usiutegemee wote. Watu wanalaza digrii 20 halafu wanalaumu gololi.

7. Mwisho weka kopo lenye kitambaa ndani.

Karibuni maswali, ya wale waliosoma.

MASWALI

Bonge la Mji: Mkuu somo zuri. Ila gololi yangu inadondoka kwenye kitanzi, tatizo nini?

Mwandishi: Umesoma hatua ya 4?

Bonge la Mji: Nimepitia juujuu.

Mwandishi: Basi pitia na chinichini.

Mama J: Kaka hongera. Huku niliko hiyo insulesheni siipati. Boksi linafaa?

Mwandishi: Linafaa sana dada, na kwa kona ni zuri kuliko sponji kwa sababu halinywei. Kata ukanda wa sm 7, kunja sm 2 kila upande ziwe kuta, ubaki na njia ya sm 3. Kabla ya kukunja, buruza mgongo wa kisu kwenye mstari wa mkunjo, utakunjika ulionyooka. Kwa kitanzi, kata kuta kila baada ya sm 2 ili ukanda upinde, kuta zikiwa upande wa ndani ya kitanzi, halafu funga migongo ya hizo kuta kwa tepu. Chagua boksi jembamba kama la nafaka za chai ya asubuhi. Lile la mawimbi ndani linavunjika badala ya kupinda. Ukikwama uliza tena.

Kipanga: Kitabu cha fizikia kimeandika 2.5. Wewe fundi AC unabishana na kitabu?

Mwandishi: Sibishani nacho. Kitabu kinazungumzia kitu kinachoteleza. Chora alama kwa kalamu kwenye gololi yako, iachie, uangalie kama alama inakaa sehemu moja. Ikikaa, tumia 2.5.

Kipanga: Sawa lakini lugha iwe nzuri.

Mwandishi: Lugha ni nzuri. Alama umechora?

Dogo wa Kidato: Shikamoo mkuu. Nikitumia gololi nzito itakimbia zaidi? Mwenzangu anasema ndiyo, mwalimu anasema uzito hauna kazi.

Mwandishi: Marahaba. Wote wawili wana haki, kila mmoja kwa upande wake. Kwenye hesabu uzito unajifuta, mwalimu yuko sahihi. Kwenye njia halisi, goroli ya chuma ya mm 16 ina kama gramu 17 na ya kioo kama gramu 5. Hewa inayozipinga ni ileile, kwa hiyo ya chuma haiisikii sana. Lakini ya chuma inabonyeza sponji na kutikisa nguzo zaidi. Kwangu ilishinda baada ya kuongeza nguzo tu. Jaribu pia mpira wa ping pong kwenye njia pana. Uko wazi ndani, uzito wote uko kwenye ganda, kwa hiyo kuzunguka kunachukua mafungu 2 kati ya 5 badala ya 2 kati ya 7. Andika kwenye ripoti yako, mwalimu atapenda.

Waya Mbili: Mimi nimetengeneza reli mbili za waya wa shaba, zimeachana mm 12, gololi ya mm 16. Hazitingishiki kabisa, nimechomelea kila sm 8. Ila gololi ni nzito kuondoka, mwendo mdogo kuliko wa sponji. Nakosea wapi?

Mwandishi: Hukosei, na swali lako ndilo bora hadi sasa. Gololi ikikaa kati ya waya mbili inazama, haigusi kwa tumbo lake, inagusa kwa mbavu. Kwa vipimo vyako inabingirika kana kwamba nusu kipenyo chake ni mm 5.3 badala ya 8. Ili iende umbali uleule inabidi ijizungushe mara nyingi zaidi, na kuzunguka kunalipiwa. Kwa kushuka mita 1, bila kuhesabu msuguano, kwenye njia inayogusa tumbo lake ingefika na mita 3.7 kwa sekunde. Kwenye reli zako 3.2. Na kitanzi chako kinataka karibu mara 3, si 2.7. Sogeza waya ziachane mm 8, utaona tofauti. Usizibane zaidi ya hapo, gololi itaanza kuruka reli.

Waya Mbili: Nimezisogeza za kipande cha mwanzo. Inakimbia. Asante sana. Sasa nitapimaje mwendo bila vifaa?

Mwandishi: Meza na karatasi ya kaboni. Mwisho wa njia uwe umelala sawasawa ukingoni mwa meza, gololi iruke, na sakafuni tandika karatasi nyeupe na kaboni juu yake ili iache doa. Meza ya sm 75 inampa mrukaji sekunde 0.39 hewani, iwe ameruka kwa kasi au kwa uvivu. Doa likiwa sm 100 kutoka chini ya ukingo, mwendo ni 1 gawa kwa 0.39, karibu mita 2.6 kwa sekunde. Ikiwa ilishuka sm 60, ilitakiwa iwe na 2.9. Ukilinganisha nishati, njia yako imekula kama asilimia 22. Kaza nguzo, pima tena, utaona doa linasogea mbele.

Nairobi Yetu: Huku tunaziita bano, hehe. Za chuma unatoa wapi?

Mwandishi: Gereji. Omba beringi mbovu, ivunje ndani ya tambara ukiwa na miwani. Za ekseli ya nyuma ya baiskeli ni inchi 1/4, ndogo mno kwa sponji lakini nzuri kwa waya. Usipasue kopo la rangi ya kupuliza kwa ajili ya ile goroli inayogongagonga ndani, lina presha. Na mwenye mtoto anayetambaa ahesabu gololi kabla na baada.

Bonge la Mji: Insulesheni bei gani mkuu?

Mwandishi: Usinunue. Mfuate fundi AC wa mtaani kwako jioni akiwa anafunga mizigo, vipande anavitupa.

Mama J: Kaka, nimemaliza ya boksi! Kitanzi sm 30. Mara kumi, saba imepita, tatu imedondoka.

Mwandishi: Safi sana dada. Hizo tatu zilidondokea wapi?

Mama J: Saa saba.

Mwandishi: Weka kiganja nyuma yake, aachie mtoto.

Mama J: Eh! Linanisukuma.