SOMO: Kugeuza shati la mtu mzima kuwa gauni la lastiki la mtoto wa miaka 4

Shati la kiume saizi L linafaa sana kwa kazi hii kwa sababu mishono ya ubavuni na pindo la chini tayari vipo. Utakata mara moja, kisha ushone sehemu ya juu tu. Chagua pamba, maana polista tupu humtoa mtoto jasho. Kola iliyochakaa isikuzuie kununua shati la mtumba, hiyo haitumiki.

Vipimo vya hapa ni vya kifua cha sentimita 56. Unahitaji shati lenye mzunguko wa sentimita 112 hivi kwapani, lastiki ya upana wa sentimita 2 na urefu wa 54, uzi, sindano ya cherehani namba 14, pini ya nepi, chaki, tepu ya kupimia na pasi.

1. Fua shati, lipige pasi, funga vifungo vyote. Fumua mfuko wa kifuani mapema, kwani mara nyingi unakatizwa na mstari wa kwapa. Chini yake kitambaa huwa kimekolea rangi kuliko kwingine. Alama hiyo itamezwa na marinda.

2. Lilaze shati mezani, libane kwa pini, piga mstari wa chaki kutoka kwapa hadi kwapa, kata mbele na nyuma kwa pamoja. Utabaki na urefu wa kama sentimita 49.

3. Ukanda wa vifungo ndio unaoharibu magauni mengi ya aina hii. Vifungo vimeachana sentimita 8 au 9, na mtoto akichuchumaa, katikati panafunguka. Gauni linavaliwa kwa kupitishia kichwani, hivyo hakuna haja ya kufunguka. Shona ukanda wote toka juu hadi chini kwa mistari miwili, mmoja kila ukingo. Kisha ng'oa kifungo chochote kilicho ndani ya sentimita 7 za juu. Ukikiacha, sindano itavunjika juu yake, na hata ukibahatika kupita, lastiki itakwama.

4. Tengeneza nefa, yaani njia ya kupitishia lastiki. Pinda sentimita 1 kwa ndani, piga pasi, pinda tena sentimita 2.5, shona milimita 2 kutoka ukingo wa chini wa mkunjo huo. Acha nafasi ya sentimita 4 katikati ya mgongo. Ukifika kwenye ukanda wa vifungo na mishono ya ubavuni, zungusha gurudumu la cherehani kwa mkono. Tabaka ni nyingi na mota au pedeli itapinda sindano.

5. Lastiki: kifua toa 4, jumlisha 2 za kupishanisha, yaani 56 − 4 + 2 = 54. Ipitishe kwa pini ya nepi, huku mwisho wa pili umeubana kwenye kitambaa usije ukamezwa ndani. Pishanisha ncha, zishone, ziba nafasi kwa mkono. Sambaza marinda sawasawa.

6. Mikanda ya mabega itoke kwenye mikono ya shati, kwa kufuata urefu wa mkono. Kata vipande viwili vya sentimita 6 kwa 36, ukikwepa viwiko vilivyolika. Kunja kingo zikutane katikati, kunja tena, shona. Utapata upana wa 1.5. Mvalishe mtoto ndipo ubane kwa pini. Mbele weka sentimita 7 kila upande kutoka katikati, nyuma 5. Ukiweka sawa mbele na nyuma, mikanda itateleza mabegani. Kinachozidi usikikate, kiache ndani.

Mfuko ushone upya pale mkono wa mtoto unapofika.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Fundi, sina cherehani. Inawezekana kwa mkono?
Jibu: Inawezekana. Ila kwenye nefa usipige bandi (mshono wa kwenda mbele tu) peke yake, lastiki ikivutwa uzi unakatika. Tumia mshono wa kurudi nyuma, hatua za milimita 3, uzi mara mbili.

Swali: Dada, yangu lastiki inajiviringa kila nikifua.
Jibu: Nefa ni pana mno kuliko lastiki. Bila kufumua, nyoosha lastiki, kisha shona mstari wa wima kuikatiza kwenye mshono wa kila ubavu.

Swali: Mwanangu ana mwaka mmoja na nusu, kifua 48. Nibadilishe nini?
Jibu: Lastiki 46. Kata sentimita 10 chini ya kwapa ili gauni lisimkanyagishe. Na vifungo vyote ng'oa. Umri huo kila kitu huenda mdomoni, na kifungo kinaweza kumkaba.

Swali: Huku Njombe baridi, mikanda mitupu haitoshi.
Jibu: Mvalishe fulana ya mikono mirefu ndani, basi ongeza sentimita 2 kwenye lastiki.

Swali: Atalivaa muda gani kabla halijambana?
Jibu: Kifuani kitambaa kipo cha kutosha, unabadilisha lastiki tu na kushusha mikanda kwa ile ziada ya ndani. Kitakachoanza kupungua ni urefu. Ongeza chini kipande cha kitenge cha sentimita 8, lakini kifue kwanza kisije kikachujia rangi shati jeupe.