Kabla hujatoka kutazama sayari "zilizojipanga"

Ile picha inayozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, sayari sita zimebanana juu ya mlima kama wanafunzi mstarini, ifute kwanza. Sayari huzunguka Jua karibu kwenye bapa moja, kama punje zilizotandazwa kwenye ungo, na Dunia ni punje mojawapo. Ndiyo maana tunaziona zikifuatana kwenye njia ileile ya Jua, pengine zimesambaa toka magharibi hadi mashariki. Ukaribu wake ni wa macho tu: tarehe 21 Desemba 2020 Mshtarii na Zohali zilikaribia kugusana, ilhali zilitengana kwa zaidi ya kilomita milioni 700.

Ukiambiwa ni sita au saba, toa Uranusi na Neptuni. Neptuni haionekani kwa macho matupu, na Uranusi kwa taa za mjini ni kama haipo. Zinabaki Zebaki, Zuhura, Mirihi, Mshtarii na Zohali, tena si kila mara zote tano.

Wengi Arusha huhofia Mlima Meru utawaziba. Meru iko kaskazini. Sayari huchomoza mashariki na kuzama magharibi. Tena tuko nyuzi 3 na kitu tu kusini mwa ikweta, hivyo njia yao kwetu husimama karibu wima, na Zebaki, inayowasumbua sana watu wa Ulaya, sisi huwa tunaipata kwa urahisi zaidi. Kinachoziba ni miti na ghorofa la jirani. Kwa jioni, toka kuelekea Kisongo, magharibi mwa mji. Walio Moshi washuke kusini, kwenye mashamba ya miwa. Ukitumia programu kama Stellarium, iwekee Arusha, maana ramani za Ulaya huulaza mstari.

Masika usijisumbue. Januari na Februari anga huwa safi zaidi. Juni hadi Agosti mawingu ya alfajiri hukatisha tamaa, na baridi nayo, beba sweta.

Jioni fika kabla ya saa 12 na nusu. Giza letu huingia haraka, na sayari iliyo chini haikungoji.

Darubini ya macho mawili azima kwa jirani anayeongoza watalii. Ile ya kutazamia simba inatosha kukuonyesha miezi minne ya Mshtarii, ukiegemeza viwiko ukutani. Ila usiinue mpaka Jua lizame lote, litakuunguza macho. Zohali itabaki nukta tu. Pete zake zinataka teleskopu.