Kufundisha maadili na biashara endelevu: anza na sangara

Ukipewa darasa la maadili ya biashara na uendelevu ambamo wamo wanafunzi wa uhasibu, masoko, sheria na uhandisi, usianze kwa kuwaandikia maana ya maneno ubaoni. Chagua bidhaa moja wanayoijua, muhula mzima mwende nayo. Mimi hapa Kampala natumia sangara. Aliingizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950, akawamaliza samaki wengi wadogo wa asili, kisha akaleta viwanda vya minofu, ajira na fedha za kigeni. Mwanafunzi hawezi kumhukumu kwa sentensi moja, na ndiyo sababu namtaka yeye.

Makundi yapange mwenyewe, maana ukiwaachia, wahasibu watakaa na wahasibu wenzao. Kila mmoja apewe swali ambalo hawezi kulijibu bila jirani yake. Wa uhasibu afuatilie bei kutoka kwa mvuvi hadi kiwandani aone faida inabaki kwa nani. Wa sheria aanze na kanuni kwamba sangara wa chini ya sentimita 50 haruhusiwi kuvuliwa, kisha aulize: akikamatwa, anayeumia ni kibarua au mwenye mtumbwi? Wa uhandisi ashughulike na barafu na majitaka.

Kisha wapeleke mwaloni, yaani pale ufukweni mitumbwi inaposhusha samaki. Sisi huenda Ggaba alfajiri, mitumbwi inaporudi. Siku moja kabla, kaa nao uwaeleze adabu ya pale. Mwaka 2017 wanajeshi walipewa kazi ya kupambana na uvuvi haramu, kwa hiyo kijana mwenye daftari anayeuliza ukubwa wa samaki huonekana mkaguzi. Wasalimie kwanza, wajitambulishe, wasipige picha bila ruhusa, na wasimsimamishe mtu aliyebeba mzigo. Akina mama wanaopara samaki waulizwe pia. Wanajua bei za msimu mzima, lakini wanafunzi huwapita wakikimbilia wenye mitumbwi. Kiswahili kinatusaidia sana, maana wanafunzi wangu wa kutoka Kenya na Kongo huwapata watu wa kwao palepale.

Mkirudi darasani, wape kisa cha mwaka 1999, pale Umoja wa Ulaya ulipofunga soko lake kwa samaki wa Uganda baada ya taarifa za wavuvi kutumia sumu. Waambie: wewe ni meneja wa kiwanda, samaki wako ni safi, soko limefungwa, wafanyakazi wako nyumbani. Ishia hapo. Kila kundi liandike uamuzi wake na likukabidhi karatasi kabla hujawaeleza kwamba ukaguzi uliimarishwa na soko likafunguliwa tena mwaka uliofuata. Wakijua mwisho mapema, wote watajifanya waadilifu.

Kazi ninayoithamini kuliko zote ni hesabu ya faida na hasara. Kundi liiandae kama kawaida, halafu liongeze yale ambayo hakuna aliyeyalipia: samaki waliovuliwa kabla ya kuzaa, maji machafu yaliyorudishwa ziwani, mkono wa kibarua uliokatwa na kisu bila matibabu. Usiwalazimishe kukitia kila kitu bei ya shilingi. Kisichopimika kiandikwe kwa maneno, lakini kikae ukurasa uleule na faida. Nakataa kabisa kiambatisho, kwa sababu wenye maamuzi hawakifungui.

Kuhusu alama, nusu nawapa kundi zima na nusu kila mtu peke yake, siku ya kutetea ripoti. Siku hiyo ndiyo ya kuwaalika wenzako wa idara nyingine, kuliko kuwaita waje kutoa mhadhara. Mhadhiri wa sheria aulize maswali ya sheria, lakini ajibu mwanafunzi wa masoko. Yale ya barafu ajibu mhasibu. Watangazie utaratibu huu wiki ya kwanza, ili wapate muhula mzima wa kuulizana.