Nguo ya ubatizo ya mtoto wa kiume ukiwa ughaibuni: uliza kwanza maji na mafuta, duka litafuata

Ndugu zangu mlioko nje, hasa nyie mliojaliwa kijana wa kwanza mkiwa mbali na bibi zake, najua sa hivi grupu la WhatsApp la familia halilali. Mama mkwe yuko Moshi anataka suti nyeupe yenye koti na tai, shangazi yuko Kisumu anatuma picha za vitenge, baba mtoto anasema chochote tu ila asivalishwe gauni, na nyie wenyewe mko Stuttgart au Leicester au Minneapolis mnaperuzi maduka ya mtandaoni saa sita za usiku mtoto kalala kifuani. Mi nawaambia hivi, kabla hujatoa hela yoyote kuna simu moja ya kupiga na sio ya dukani, ni ya parokiani. Muulize Father au mchungaji siku hiyo mtoto atafanyiwa nini hasa mwilini mwake. Atamwagiwa maji kichwani au atazamishwa? Atapakwa mafuta wapi? Vazi jeupe anakuja nalo mwilini au anavikwa katikati ya ibada? Ukishapata majibu hayo nusu ya ubishi wa kwenye grupu umeisha, kwa sababu nguo ya siku hii ina kazi ya kufanya, sio ya picha peke yake.

Nianze na Wakatoliki maana ndo wenye hatua nyingi. Kabla ya maji mtoto anaweza kupakwa kifuani mafuta ya wakatekumeni, yaani ya wanaojiandaa kubatizwa, alafu yanakuja maji, kwa kawaida yanamwagwa mara tatu kichwani, alafu anapakwa krisma, yale mafuta matakatifu, kwenye utosi, alafu anavikwa vazi jeupe, alafu baba au msimamizi anawasha mshumaa wake kutoka kwenye mshumaa wa Pasaka. Sasa hebu fikiria mtoto kavaa shati lenye kola ngumu limefungwa mpaka kooni, kizibao juu yake, tai ya kipepeo, na koti. Father kasimama na mafuta kidoleni anasubiri kifua, mama anahangaika na vifungo, mtoto analia, watu wote kimya wanaangalia. Kwahiyo nguo ifungukie mbele, au shingo iwe pana kiasi cha kushuka kidogo bila kumvua mtoto. Na huku chini kwenye mapaja iwe na vifungo vya kubonyeza, maana pampasi haiangalii ratiba ya misa.

Hilo vazi jeupe nalo watu wengi hawalielewi vizuri. Parokia nyingi za huku zinakupa kitambaa kidogo cheupe kama bibu, kinawekwa kifuani basi imeisha, lakini kanisa lenyewe linatamani familia ije na vazi lake. Mi napendelea hivi: mtoto aje kanisani na nguo nyepesi ya rangi ya maziwa au kijivu laini, alafu akishabatizwa ndo avikwe kanzu yake nyeupe palepale mbele ya watu, mama wa ubatizo akiishika upande mmoja na mama mzazi upande mwingine. Ndo pale maneno ya Paulo kwa Wagalatia, kwamba mliobatizwa katika Kristo mmemvaa Kristo, yanaonekana kwa macho. Ukimleta tayari kashavaa nyeupe kuanzia nyumbani sio kosa, wengi wanafanya hivyo, ila hatua hiyo inapita bila mtu kuiona, na mi naona ni hasara kubwa kwa bibi anayeangalia kwenye simu kutoka Bukoba.

Kwa Waorthodoksi, na wako Wakenya na Waganda wengi tu, mtoto anazamishwa mara tatu akiwa mtupu kabisa kisha anavikwa nguo mpya nyeupe, kwahiyo hapo usijisumbue na atakachokuja nacho, hela yote weka kwenye atakachotoka nacho pamoja na taulo kubwa jeupe. Walutheri na Waanglikana kwa kawaida ni maji kichwani, na mchungaji mwingine anaongeza mafuta mwingine haongezi, uliza tu.

Haya tuje kwenye gauni, maana hapa ndo ndoa zinatikisika. Ukiwa Sweden au Norway au Uingereza utakuta watoto wa kiume wanabatizwa na gauni refu jeupe linalozidi miguu, na wajomba zetu wanaguna kwamba mbona mwanaume kavalishwa gauni. Jamani, kule ni kawaida ya miaka na miaka. Familia ya kifalme ya Uingereza ilikuwa na gauni la lesi lililoshonwa mwaka 1841 kwa ajili ya binti mkubwa wa Malkia Victoria, likavaliwa na vitukuu na vilembwe wake wa kike na wa kiume, mpaka lilipochoka wakashona jingine la kufanana nalo, na hilo jipya ndo alibatizwa nalo Prince George mwaka 2013. Sweden wanaweka utepe wa bluu kwa mtoto wa kiume na wa pinki kwa wa kike, gauni ni lilelile. Na makanisa mengi ya Sweden yanaazimisha gauni la ubatizo bure kabisa, kwahiyo kama mfuko umebana uliza ofisi ya kanisa kabla hujanunua kitu.

Lakini pia mbona tunajisahau? Babu zetu wa Pwani wanaenda msikitini na kanzu nyeupe mpaka kwenye vifundo, Baganda wanavaa kanzu kwenye shughuli zote za heshima, Father mwenyewe pale altareni kavaa alba, lile vazi lake refu jeupe. Mwanaume kuvaa vazi refu jeupe kwenye ibada ni jambo letu tangu zamani. Kama baba mtoto anakataa lesi na marinda, mshonee kijana kanzu ndogo ya pamba, mikono mirefu, mpasuo mbele wenye vifungo vitatu vinne, darizi nyembamba ya nyuzi nyeupe shingoni, basi. Inafunguka kifuani kwa mafuta, inavalika haraka juu ya nguo nyingine, hakuna atakayeiita gauni na hakuna atakayeiona ngeni. Kwangu mimi hii inashinda visuti vyote vya madukani, na naisema kwa moyo wote.

Visuti vyenyewe vingi vya mtandaoni ni poliesta inayong'aa, na hapa naomba mnisikilize. Poliesta haifyonzi maji, mtoto akimwagiwa yanateremka mpaka tumboni na yanakaa hapo, alafu satini inateleza, na msimamizi anayembeba anaweza kuwa hajawahi kushika mtoto mchanga maishani mwake. Chagua pamba au kitani. Kama unataka lesi, iwe na bitana ya pamba ndani hasa shingoni na kwapani, maana ngozi ya mtoto ikianza kuwasha hakuna bembelezo litakalosaidia. Shanga na vifungo vya kugundishwa achana navyo, vikichomoka vinaishia mdomoni. Pini iwe marufuku hata kama mama mdogo anasisitiza. Kamba za shingoni pia hapana, hata viwango vya Ulaya vya nguo za watoto wadogo vinazikataza kwa sababu ya hatari ya kunyonga. Na nguo yoyote mpya ifue kwanza kwa sabuni isiyo na manukato.

Baridi. Makanisa ya mawe ya huku yana ubaridi hata mwezi wa saba, kwahiyo vaa kwa matabaka: bodisuti ya pamba ya mikono mirefu, suruali laini au taitsi nyeupe, soksi zinazobana vizuri, ndo kanzu juu, na kasweta kepesi cha kuvua na kuvaa. Beba bodisuti nyingine kavu kwenye mfuko wa pampasi, ya kwanza ikilowa unabadilisha hapohapo. Kofia anavaa njiani, mkiingia ndani anavuliwa, kwanza kichwa ndo kinamwagiwa maji, pili mtoto mchanga anapoteza joto kupitia kichwa na ukimfunika kupita kiasi kwenye ukumbi wenye hita anachemka. Na kwenye gari, tafadhali, usimfunge kwenye kiti chake akiwa na koti nene la baridi. Mikanda inaonekana imebana kumbe imebana koti, gari likigongwa koti linanywea na mtoto anachomoka. Mfunge na nguo nyepesi, mikanda ilale kifuani vizuri, alafu mfunike na blanketi au kanga kwa juu.

Kanga na kitenge sasa. Watu wengi wanataka siku hii ionyeshe tulikotoka na mi nawaunga mkono asilimia zote, ila kitenge kipya kinachuja rangi. Ukiweka mkanda wa kitenge chekundu kwenye kanzu nyeupe na maji yakamwagika, umepata kanzu ya pinki kwa picha za maisha. Kifue kitenge peke yake mara kadhaa mpaka maji yatoke safi, ndo kigusane na cheupe. Ila bora zaidi kanzu nyeupe ibaki nyeupe, na rangi iende kwa wanaomzunguka: baba na wasimamizi washone kitenge kimoja, na mtoto abebwe kwa kanga iliyotoka kwa bibi yake. Kanga ya bibi kwenye picha ile ina uzito kuliko tai ya kipepeo.

Kama unashonesha nyumbani, iwe Kariakoo au Biashara Street ya Nairobi, usimwambie fundi "mtoto wa miezi mitatu", mpe sentimita. Kwa viwango vya WHO mtoto wa kiume wa kawaida wa miezi 3 ana urefu wa kama sm 61, miezi 6 kama sm 68, mwaka mmoja kama sm 76, na wako anaweza kuwa juu au chini ya hapo. Kwa hesabu ni kwamba kifurushi cha mtoto wa miezi 3 kikichelewa miezi mitatu ameshaongeza sm 6 au 7 hivi, kwahiyo shona ya umri atakaokuwa nao siku ya ubatizo na uache pindo la kushusha chini. Ulaya saizi za nguo ni urefu wa mtoto kwa sentimita, 56, 62, 68, 74, wakati Marekani na Uingereza wanaandika miezi, sasa ukiagiza kutoka nchi nyingine angalia hilo kwanza. Kanzu ikizidi urefu haina neno, ikibana kwapani ndo shida.

Walokole wenzangu ambao tunawaweka watoto wakfu bila maji, kwetu ni rahisi zaidi, mchungaji anambeba tu na kumwombea, kwahiyo rangi na mtindo ni wenu, angalieni tu kwamba mtoto anabebeka bila nguo kumpanda shingoni. Hana alikuwa anamshonea Samweli kanzu ndogo kila mwaka, na hiyo ni desturi nzuri ya kuirudisha kwenye siku kama hii.

Na majirani zetu Waislamu wanaoandaa akika, swali ni lilelile, mwilini kinafanyika nini? Siku ya saba mtoto ananyolewa, sasa kofia ngumu ya kudarizi juu ya kichwa kilichotoka kunyolewa inakwaruza, weka kwanza kakofia ka pamba laini, ile ya kudarizi avae dakika za picha tu. Kanzu ya mtoto isiwe ya hariri na asivalishwe dhahabu, wanazuoni wengi wanasema katazo la wanaume linamhusu mzazi anayemvalisha mtoto wa kiume pia, kwahiyo yule shangazi aliyenunua cheni Dubai ampe mama yake.

Baada ya shughuli usiikunje kanzu ikatupwa sandukuni. Krisma ni mafuta ya zeituni yenye balsamu, na doa lake halionekani siku hiyo, linajitokeza njano baada ya miezi. Paka sabuni ya vyombo kwenye kola na mabegani usiku uleule, fua kwa maji ya vuguvugu, suuza sana, usitie wanga. Ikikauka kabisa ifunge kwenye shuka la pamba jeupe, sio mfuko wa nailoni. Familia za Sweden na Norway zinadarizi jina la kila mtoto aliyebatizwa na nguo ile, na hili tuwaibie: jina na mwaka, kwa uzi mweupe, upande wa ndani wa pindo, na uache nafasi ya mdogo wake.