Kabla ya kutoa bei ya AC Arusha na Moshi

Anza na makaratasi: jina la biashara BRELA (wakala wa usajili wa biashara), TIN (namba ya mlipakodi) kutoka TRA, leseni ya biashara kutoka halmashauri. Ukitaka kazi za ukandarasi, hasa zabuni za serikali, unahitaji pia usajili wa CRB (bodi ya usajili wa makandarasi). Kuunganisha umeme ni suala jingine. Tumia fundi mwenye leseni ya EWURA (mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji).

Usitegemee AC za majumbani peke yake. Juni hadi Agosti Arusha ni baridi, simu zinapungua. Moshi joto la Januari na Februari huleta kazi. Mkate wa mwaka mzima uko kwenye vyumba vya baridi: mashamba ya maua, bucha, jikoni za hoteli. Hoteli zifuate Aprili na Mei, wageni wakiwa wachache. Ndipo zinapokubali kufunga vyumba kwa matengenezo.

Kwenye bei, watu husahau naitrojeni na muda wa pampu ya vakyumu (inayovuta hewa na unyevu kwenye bomba). Jaza naitrojeni kavu kwenye bomba, paka maji ya sabuni kwenye nati, subiri uone kama kuna mapovu. Kisha vuta kwa pampu hadi mikroni 500 (kipimo cha vakyumu), funga vali, tazama geji: ikipanda haraka, kuna uvujaji au unyevu. Ukiruka hapo, unyevu huchanganyika na oili, asidi inakula kompresa, na garantii inakurudia wewe.

R410A, gesi ya kupoozea ya AC, ijazwe ikiwa kimiminika, kwa mizani. Presha yake ni kubwa kuliko ya R22, gesi ya AC za zamani, kwa hiyo hosi za zamani ziache nyumbani.

Chukua malipo ya awali yanayotosha kununua vifaa vyote.