Kukagua maombi ya siri ya kiendelezi cha kivinjari

Ukibonyeza F12 ukiwa kwenye tovuti, kichupo cha Network kinakuonyesha maombi (ujumbe unaotumwa kwa seva) ya ukurasa huo na ya msimbo uliopachikwa ndani yake. Sehemu ya kiendelezi, yaani programu ndogo inayoongezwa kwenye kivinjari, inayofanya kazi chinichini haionekani hapo, na wizi wa data unaweza kupitia huko.

Tengeneza wasifu mpya wa kivinjari, usakinishe kiendelezi unachokishuku peke yake. Kwenye Chrome fungua chrome://extensions, washa hali ya wasanidi programu, kisha bofya kiungo kilicho mbele ya "Inspect views". Dirisha likifunguka, nenda Network na uweke tiki kwenye Preserve log ili rekodi zisifutwe. Liache wazi: sevisi woka, yaani ile sehemu ya chinichini, huzimwa ikikaa sekunde 30 bila kazi, lakini ikikaguliwa hubaki hai. Kwenye Firefox pitia about:debugging, kisha This Firefox, kisha Inspect.

Sasa kiwekee chambo, yaani neno la kubuni utakalolitafuta baadaye. Tembelea anwani kama https://example.com/?q=chambo7431, halafu soma Payload (data iliyobebwa) ya kila ombi lililotoka. Usipoiona chambo7431, usikisafishe jina bado. Huenda data imefungwa kwa base64, njia ya kuandika data kwa herufi na tarakimu. Nakili maandishi hayo, uyapitishe kwenye atob(), amri inayofungua base64, ndani ya kichupo cha Console. Yakitoka makorokoro, fuata safu ya Initiator hadi kwenye mstari wa msimbo uliotuma ombi, weka breakpoint (alama ya kuusimamisha msimbo) kabla ya fetch, amri ya kutuma ombi, usome data ikiwa bado haijasimbwa.

Jina la seva lisikutulize wala kukutisha, maana seva za wingu hukodishwa na yeyote. Pima kilichobebwa, na usome majibu pia: faili dogo la JSON (data iliyoandikwa kama maandishi) linaweza kuwa mipangilio ya kawaida au maagizo ya nini kiibwe.

Viendelezi vingine husubiri siku kadhaa ndipo vianze. Tafuta kwenye msimbo chrome.alarms, kipima muda chake, na tarehe ya usakinishaji iliyohifadhiwa kwenye storage (hifadhi ya kiendelezi), uibadilishe tarehe hiyo hapo. Kusogeza saa ya kompyuta mbele sana huvuruga vyeti vya HTTPS, maombi yakafeli bure. Kiendelezi kikinyamaza kila unapofungua zana hizi za ukaguzi, rekodi kwa chrome://net-export, inayonasa mawasiliano ya kivinjari chote.

Ukithibitisha kwamba kinaiba, nakili kwanza folda yake iliyomo ndani ya folda ya Extensions ya wasifu wa kivinjari, kwa sababu ukikiondoa nayo hufutwa. Kisha kiondoe, utoke kwenye akaunti zako katika vifaa vyote, ndipo ubadilishe manenosiri.